Diski Tatu na Wifi Mmoja

Mlango wa chumba chake ulikuwa na kibao kimoja tu, kimeandikwa HIFADHI, na kwa sababu ya kibao hicho watu wa kufulia walimletea mashuka. Walibisha, wakasukuma toroli, wakamkuta mwanamke aliyevaa sweta mbili mchana wa jua kali, nyuma yake mashine zinavuma ndani ya makabati marefu. "Mashuka ni jengo la pili," aliwaambia kwa upole, nao wakageuza toroli. Wiki iliyofuata wakaja wengine. Ndiyo maana hospitali nzima tulimwita Bi Hifadhi, na nadhani wauguzi wengi walistaafu bila kujua jina alilopewa na wazazi wake.

Mimi nilikuwa karani wa masjala, tumepakana ukuta. Mafaili ya karatasi yalikuwa kwangu, ya kompyuta yalikuwa kwake. Haya ninayosimulia mengine niliyaona, mengine alinisimulia mwenyewe tukinywa chai kwenye korido, maana ndani ya chumba chake kikombe kilikuwa haramu.

Alikuwa amekaa miaka kumi na tisa katika chumba kile kisicho na dirisha. Alianza na kabati moja, yakafika sita. Kila kipimo cha damu, kila picha ya eksirei, kila dozi iliyoandikwa na daktari, vyote vilikwenda kulala kwenye diski zake. Zilikuwa diski za zamani, zenye sahani zinazozunguka ndani, na zilikuwa zimechoka. Alizijua kwa sikio. "Ile ya chini kushoto inakohoa," angeniambia, na kabla wiki haijaisha ilikuwa imezima. Mwaka ule zilikufa mbili karibu kila mwezi. Daktari alibofya jina la mgonjwa, akakaa dakika tatu mbele ya kioo cha kompyuta akisubiri majibu yafunguke, na mgonjwa naye akimtazama usoni akidhani kimya kile ni habari mbaya.

Ndipo uongozi ukakubali kununua hifadhi ya flashi. Diski ya flashi haina kinachozunguka. Ni vipande vya kumbukumbu kama vilivyomo kwenye simu, vyepesi, kimya, vya haraka mno. Lakini flashi si moja, na kazi ilikuwa kuchagua. Kampuni tatu zilileta sampuli. Bi Hifadhi akaambiwa azipime kwa wiki sita, aandike ripoti, aweke saini. Saini yake peke yake, kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyeyajua mambo hayo.

Siku ile alirudi nyumbani mwepesi kama aliyetua mzigo. Mlangoni akakutana na wifi yake.

Huyu wifi lazima nimweleze. Alikuwa dada mkubwa wa mumewe. Wazazi wao walifariki mume yule akiwa na miaka minne, na dada ndiye aliyeacha shule akamlea. Nyumba waliyoishi ilikuwa ya dada: yeye chini, Bi Hifadhi na mumewe vyumba viwili vya juu, ngazi moja, lango moja. Kazini tulikuwa tukimtania kwamba ana wifi mbili, ya mtandao ukutani na ya nyumbani, na ikikorofisha mojawapo hapati usingizi. Alikuwa akicheka. Baada ya siku hiyo niliacha utani huo.

"Wifi, keti," dada yule alimwambia, anakunja nguo sebuleni. "Nimepata kazi."

"Kazi gani, wifi?"

"Uwakala. Kuna kampuni inauza diski za kompyuta. Nimepeleka karatasi hospitalini kwenu, na tumo kwenye watatu waliobaki."

Bi Hifadhi alikaa. Alimjua wifi yake: miaka sitini na moja, mchapakazi, kiwanda alikokuwa mtunza stoo kimefungwa, na tangu hapo amekuwa mtu wa kufagia ua uliokwisha kufagiwa. Alitamani kumpongeza.

"Sikuombi uibe," wifi akaendelea. "Nakuomba usinizibie. Bei yetu ndiyo nafuu kuliko zote. Wewe andika tu kwamba zinafanya kazi. Si zinafanya kazi?"

"Sijazipima bado."

"Basi pima. Lakini ukipima, ukumbuke unampima nani."

Usiku hakusema kitu kwa mumewe. Asubuhi alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa idara, akasimama mbele ya meza yake kama mwanafunzi aliyechelewa, akaeleza undugu wote. Akaomba atolewe kwenye kazi ile.

"Nikikutoa nani atapima?" mkuu akauliza. "Mimi? Mimi hata simu yangu ananiwekea sawa mwanangu."

"Tumwite mtu wa nje."

"Tutamwita mwakani, bajeti ikiruhusu. Diski zako zitasubiri mwakani?" Akafungua droo, akamtolea fomu. "Andika hapa kwamba mna undugu. Saini. Mimi naiweka." Akaiweka droo ileile, akaifunga. "Sasa umeshasema. Nenda ukafanye kazi. Na usinicheleweshe, kamati ya zabuni inapenda bei ya yule wa tatu."

Hivyo ndivyo alivyofungiwa. Akikataa kazi, diski zinakufa na wagonjwa wanasubiri. Akiifanya kwa haki, anarudi kulala juu ya kichwa cha mtu aliyemharibia. Akiifanya kwa upendeleo, siku moja jina la mtu litafunguliwa kwenye kioo na chini yake hamna kitu. Huku moto, huku maji, na ngazi ya nyumbani ni moja.

Alizibandika diski zile karatasi: Moja, Mbili, Tatu. Ya Tatu ilikuwa ya wifi. Akaziunganisha kwenye mashine ya majaribio na kuzitwisha kazi ya hospitali nzima: namba zinaandikwa, zinasomwa, zinafutwa, zinaandikwa tena, mchana na usiku.

Saa ya kwanza Tatu ilikimbia kuliko zote, hata akaanza kutabasamu. Saa ya tatu ilianza kusuasua. Jioni ilikuwa inatambaa polepole kuliko diski kuukuu alizotaka kuzitupa. Hilo halikumshtua sana. Diski za namna ile zimetengenezwa kwa kompyuta ya mtu mmoja nyumbani, ambaye anaandika kidogo, anapumzika, anaandika tena. Hospitali haipumziki.

Kisha akaangalia uchakavu. Kwenye flashi kila kuandika kunakula kidogo, na bandu bandu huisha gogo. Moja ingevumilia kuandikwa upya yote mara kadhaa kila siku kwa miaka mitano, lakini hospitali haikuhitaji nguvu yote hiyo. Kwetu watu husoma zaidi kuliko wanavyoandika. Mbili ilikuwa ya kazi mchanganyiko, kusoma kwingi na kuandika kiasi, kiatu kinachomtosha mvaaji. Tatu, kwa kazi yetu, isingemaliza mwaka wa pili.

Lakini jaribio lililomkosesha raha lilikuwa la umeme. Aliziacha diski zikiandika, akachomoa waya ghafla, akawasha, akalinganisha. Alifanya hivyo mara arobaini kwa kila moja. Moja na Mbili hazikupoteza hata herufi. Ubavuni zilikuwa na kapasita ndogo zimepangwa kama punje za mtama, zinashika umeme kufumba na kufumbua, muda unaotosha diski kumalizia ilichokishika mkononi. Tatu haikuwa nazo. Katika mara arobaini, mara tisa ilikuwa imesema "nimehifadhi" na kumbe haijahifadhi.

Akarudia mara arobaini nyingine. Nilipomsifia uangalifu wake alitikisa kichwa. "Si uangalifu," akaniambia. "Natafuta kosa langu. Naomba Mungu nikute nimekosea mahali."

Hakulikuta.

Nyumbani hali ilikuwa ya kustaajabisha kwa wema. Wifi alipanda ngazi na matunda. Wifi alimuuliza kama sweta zinatosha. Kila wema ulikuwa msumari. Mwishowe akamweleza mumewe, fundi rangi, mtu mpole anayerudi na madoa ya rangi nyeupe kwenye nyusi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi siwezi kukwambia ufanye nini," akasema. "Yule ndiye aliyenivisha kiatu cha kwanza."

"Sijakwambia unichagulie. Nakwambia ujue."

"Nimejua," akasema, akaenda kunawa nyusi. Hakumlaumu, wala hakumtetea. Bi Hifadhi aliniambia angependelea lawama.

Utaratibu wa zabuni uliwapa wauzaji haki ya kushuhudia jaribio la mwisho. Siku ya Jumanne wakala wa Moja na wakala wa Mbili walikuja asubuhi, wakatazama, wakaenda zao. Wa Tatu alikuja saa nane mchana, amevaa gauni la kitenge na miwani ya kusomea. Nilimwona akipita dirishani kwangu, mkoba kifuani. Mlango ule ulifunguliwa kwa kadi kutoka nje na kwa kitufe cha kijani kutoka ndani. Ukafungwa nyuma yake.

Nilikuwa nimekwenda kula umeme ulipokatika. Jenereta ilinguruma mara mbili ikanyamaza. Tulikuwa tumezoea, tukaendelea kula. Hakuna aliyekumbuka chumba kisicho na dirisha.

Ndani, Bi Hifadhi alibonyeza kitufe cha kijani. Kimya. Akabonyeza tena. Kitasa kile kilikuwa na betri yake ya dharura, na betri ilikuwa imekufa tangu mwaka uliopita. Simu ya mezani ilipita kwenye mitambo ya simu ya hospitali, nayo ilikosa umeme. Simu za mkononi hazikuwahi kushika mtandao ndani ya kuta zile za bati. Akapiga mlango kwa kiganja, kisha kwa kiatu.

Halafu akaacha, kwa sababu kulikuwa na kazi. Betri kubwa za mashine zilikuwa na dakika ishirini, na seva lazima zizimwe kwa mpangilio, moja baada ya nyingine, la sivyo zinaamka zimeharibika. "Wifi, nishikie tochi," akasema. Wifi akamshikia tochi ya simu. Walizunguka makabati sita, mmoja anaandika amri, mwingine anamulika vidole vyake. Walipomaliza, mvumo wa miaka kumi na tisa ulikoma, na Bi Hifadhi aliniambia kwamba kimya kile kilimtisha kuliko giza.

Kiyoyozi nacho kilikuwa kimekufa. Joto la mashine likaanza kupanda. Akavua sweta ya kwanza, kisha ya pili. Wakaketi sakafuni, migongo ukutani, tochi imezimwa kuokoa chaji.

"Ulijua mlango huu ni mbovu?" wifi akauliza.

"Nimeandika barua tatu."

"Na bado unaingia kila siku."

"Nitaingia wapi kwingine?"

Wifi alikunja mikono ya gauni lake. Kisha akasema, "Haya, niambie. Diski yangu imefanya nini?"

Akamwambia. Hakupamba wala hakupunguza. Alipofika kwenye zile mara tisa, wifi akamkatiza.

"Hicho kilichopotea ni nini?"

"Kwenye jaribio ni namba tu. Kwenye kazi ni kipimo cha mtu. Daktari ameona kioo kimesema imehifadhiwa, ameondoka. Umeme unarudi, hakipo. Na hakuna anayejua kwamba hakipo."

"Mbona waliniambia zote ni sawa, tofauti ni jina tu?"

"Kwa kompyuta ya nyumbani wamesema kweli. Ni diski nzuri, wifi. Imepelekwa mahali si pake."

Wifi akaanza kujipepea na karatasi za zabuni. "Nilikuwa na mtu wa kumuuliza kabla sijaleta karatasi hizi," akasema. "Yuko juu ya kichwa changu, nasikia nyayo zake. Sikumuuliza kwa sababu nilijua atasema nini."

"Ungeniuliza ningekusaidia kutafuta nyingine."

"Ungenisaidia, ndiyo. Ningekuwa wakala wa mke wa mdogo wangu." Akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Kiwandani nilihesabu mapipa miaka ishirini na sita na halikupotea hata moja. Halafu wakafunga lango. Unajua nani anampa kazi mwanamke wa miaka sitini na moja? Hakuna. Hawa walinipa. Hawakuniuliza umri."

Jasho lilikuwa linawachuruzika. Bi Hifadhi akainuka, akagonga tena mlango, akarudi akaketi.

"Andika unavyoandika," wifi akasema mwishowe. "Lakini usitegemee nikushukuru."

Walikaa mle saa moja na dakika arobaini. Mimi ndiye niliyesikia kiatu kikigonga niliporudi masjala, nikadhani ni watu wa bomba, Mungu anisamehe, mpaka niliposikia sauti ya mwanamke. Nikakimbia kumwita fundi wa matengenezo. Umeme ulirudi akiwa bado anatafuta bisibisi, lakini kitasa kilikuwa kimeng'ang'ania, akalazimika kukikata. Walipotoka, korido yetu ya joto iliwapiga kama upepo wa asubuhi. Niliwapa maji. Wifi alikunywa vikombe vitatu, akafuta miwani, akarudi ndani.

"Ile mashine ya majaribio ilikuwa inaandika umeme ulipokatika?" akauliza.

"Ilikuwa inaandika. Yenyewe haimo kwenye betri kubwa."

"Washa."

Safari hii hapakuwa na mtu wa kusingiziwa kwamba ndiye aliyechomoa waya. Nami nilisimama mlangoni nikaona. Moja, haina upungufu. Mbili, haina upungufu. Tatu, rekodi kumi na moja hazipo. Wifi alisogeza uso karibu na kioo, akazihesabu kwa kidole, moja moja, kama mapipa. Kisha akachukua mkoba wake. Alisaini daftari la wageni, saa ya kuingia na saa ya kutoka. Ripoti hakuisaini.

Ungedhani yameishia hapo. Siku mbili baadaye mkuu wa idara aliirudisha ripoti, amezungushia wino neno moja. Bi Hifadhi alikuwa ameandika "haifai". Mkuu alitaka "inafaa kwa masharti". Kamati, alisema, ingejua yenyewe masharti ni yapi.

Alikaa na sentensi ile siku mbili. Nilimwona akiitazama kwenye korido, chai imepoa. Kubadili neno lile kungefungua milango yote: mkuu angefurahi, wifi angefurahi, mume angelala. Mkono usioweza kuukata, ubusu, wanasema. Siku ya tatu aliandika hivi: "Haifai kwa kumbukumbu za wagonjwa. Inafaa kwa kompyuta za mezani za mapokezi." Maneno yote mawili yalikuwa kweli, na aliyasaini yote mawili.

Kamati ikagombana, mwisho ikafuata ripoti. Mbili ikanunuliwa kwa ajili ya makabati sita. Tatu ikanunuliwa kwa ajili ya mapokezi, diski sitini.

Sasa sikia malipo yake. Nyumbani alikuwa aliyezuia zabuni kubwa akamtupia wifi yake makombo. Kazini, siku fomu ya undugu ilipotoka kwenye droo ya mkuu, alikuwa aliyempenyezea wifi yake diski sitini. Sentensi moja, na pande zote mbili zikamhukumu kwayo. Alijitetea mara moja tu, mbele ya kikao cha kamati, kwa kusoma matokeo ya majaribio kwa sauti, namba kwa namba. Hakuna aliyezipinga. Lakini minong'ono haipingi namba, inazipita pembeni.

Akaomba uhamisho. Ukakataliwa kwa barua ya mistari miwili: huduma zake zinahitajika mahali alipo. Wifi alileta diski zake mwenyewe, maboksi manne kwenye teksi, akayakabidhi mapokezi, akapita mlango wa chumba kile bila kugeuza shingo. Nyumbani ikabaki salamu. Asubuhi njema, wifi. Asubuhi njema. Ngazi, lango, kazi. Miezi minane.

Diski mpya zilifanya kazi vizuri. Jina likibofywa, majibu yanafunguka kabla daktari hajaondoa kidole. Hakuna iliyokufa. Bi Hifadhi hakuwa tena na cha kusikiliza, na kuna siku nilimkuta amesimama kati ya makabati, mikono kwenye mifuko ya sweta, haangalii chochote.

Mwezi wa tisa tangu hapo, Jumamosi mchana, alikuwa anashuka ngazi za nyumbani na ndoo ya nguo. Wifi alikuwa ameketi ngazi ya chini kabisa, simu mkononi, miwani puani, amekasirika.

"Wifi," akasema bila kugeuka. "Hiki kitu kinasema kimejaa. Hakipigi picha tena. Nifute nini?"

Bi Hifadhi akatua ndoo. Ngazi ilikuwa nyembamba, ikabidi waketi mabega yakigusana. Akamwonyesha jinsi ya kuchagua. Walifuta video za watu wasiowajua, salamu za sikukuu zilizopita, picha thelathini za sakafu zilizopigwa kwa bahati mbaya. Wifi alikuwa anauliza na mwingine anajibu. Hii? Futa. Na hii? Hii imejirudia, futa moja.

Wakafika kwenye picha ya maboksi manne mbele ya meza ya mapokezi. Wifi kasimama pembeni yake na gauni la kitenge, mkono mmoja juu ya boksi, anacheka meno yote. Kidole cha Bi Hifadhi kikasita juu ya kioo.

"Hiyo iache," wifi akasema.

Akaiacha. Wakaendelea na inayofuata, na nguo zikabaki kwenye ndoo mpaka jua likahamia ukuta wa pili.